Ng'ombe wa Arap Tonui Bado Yuko Kwetu

Baba,

Mama anashangaa kwamba nakuandikia kwa Kiswahili, wewe uliyetugombeza kwa Kikipsigis maisha yetu yote. Lakini ukiwa na jambo zito ulikuwa unaligeuza Kiswahili, hata kama waliokusikiliza ni sisi na mbwa tu. Ulisema lugha ya mkutano inamfanya mtu apime maneno yake. Basi na mimi leo nitajaribu kupima.

Uliondoka mvua zikiisha, na sasa nyingine zimeanza. Majani chai yamechipua hadi tunachelewa kuyachuma. Josho la hapa Silibwet ulilolisimamia bado linafanya kazi, ingawa tangu serikali ituachie wenyewe kila mkutano ni kelele. Lango la boma ulilosema utalitengeneza kesho, kesho hiyo ya miaka, nimelitengeneza mimi. Limekaa upande, lakini linafungwa. Mama anakula kidogo. Asubuhi anakumiminia chai yako, halafu inapopoa anaimwaga nyuma ya jiko, nami najifanya nachochea moto.

Nina habari ya Arap Tonui, rafiki yako wa Siongiroi, uliyeingia naye jandoni. Nitaifikia polepole. Nilimchukia mtu huyo, Baba, na wakati mwingine nilikukasirikia wewe pamoja naye, na siwezi kukupa habari yake kana kwamba hayo hayakuwepo.

Ninarudi nyuma hadi ule mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo, ulipoanza kusikika upande wa Chepalungu. Daktari wa mifugo wa serikali alikuwa na chanjo, lakini gari lake lilikuwa limesimama nyuma ya ofisi bila mafuta, nyasi zimepanda hadi milangoni. Kampuni ya chai ng'ambo ya mto ilikuwa na gari, ilikuwa na friji, na ilikuwa na ng'ombe wake wa maziwa wa kuwahofia. Na hawa wawili hawakuwa wakisemezana. Kampuni ilitulaumu sisi kwa kila kupe aliyevuka mto, na daktari alisema watu wa kampuni wana kiburi. Ukavaa koti lako la kanisani, ukaenda kumwona Odhiambo, yule msimamizi wa mifugo wa kampuni aliyetoka upande wa ziwa. Ulimwambia, "Serikali iko na dawa, nyinyi mko na friji, sisi tuko na ng'ombe. Tukikaa hivi, kila mtu atazika zake peke yake." Odhiambo alinisimulia baadaye kwamba alicheka kwanza, kisha akatafuta kofia yake.

Mlikutana kwenye kituo cha kununulia majani chai, kati ya vikapu, daktari upande huu na kampuni upande ule, na wewe katikati kama mshenga. Nilikuwa pale na mzigo wangu wa majani. Mlikubaliana kwamba chanjo italala kwenye friji ya kampuni na kubebwa na gari la kampuni, daktari atatoa watu na amri, na sisi wakulima tutaleta ng'ombe wote joshoni. Darajani yakawekwa magunia yaliyoloweshwa dawa, kila anayevuka akanyage. Hata meneja wa shamba la chai alikanyaga na viatu vyake vinavyong'aa. Ulilisimulia hilo nyumbani hadi Mama akakuomba upumzike.

Siku ya chanjo kila mtu alileta ng'ombe wake. Hakuna aliyedanganya. Daktari aliuliza, "Hawa ndio ng'ombe wako wote?" na kila mtu akajibu ndiyo, na ilikuwa kweli.

Lakini wewe ulijua. Sisi sote tulijua. Katika boma za kwetu kuna ng'ombe ambao si wa mwenye boma, ng'ombe wa kimanagan. Rafiki amekuwekea, unamtunza na kunywa maziwa, yeye anabaki na ng'ombe na ndama wake, na habari hiyo ni yenu wawili. Mtu hatangazi mali ya rafiki yake mkutanoni. Kwa hiyo anayemtunza hakumleta joshoni kwa sababu si wake, na mwenyewe hakumleta kwa sababu hayuko kwake. Daktari alikuwa mgeni katika nchi hii, na Odhiambo pia, wala hawakuwa na sababu ya kuuliza. Na yule ng'ombe mwekundu wa Arap Tonui, aliyefika kwetu muda mfupi tu kabla ya njia za mifugo kufungwa, alibaki nyuma ya ghala la mahindi akicheua, bila chanjo.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Udenda ulikuwa unamning'inia na mguu wa mbele hataki kuukanyagia. Nilikuita. Ulimfungua kinywa, ukatazama vidonda kwenye ulimi, kisha ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Mama akasema tumfiche nyuma, apone polepole, wengi wanapona. Nami nilitaka hivyo hivyo. Ulituambia tu, "Hapana," ukaenda kunawa.

Uliposimama mbele ya mkutano sauti yako haikuwa ile ya kila siku. Ulisema kwamba ugonjwa uko kwako. Ulisema ng'ombe huyo si wako, ukasema ni wa nani na ametoka wapi. Wazee walitazama chini. Nilikuona ukitafuta uso mmoja wa kukutazama na hukuupata, na nilitaka kuja nikushike mkono, lakini mtoto wa kike anashikaje mkono wa baba yake mbele ya wazee? Nilikaa.

Siku zilizofuata walianza kuja, mmoja mmoja, kwa daktari na kwa Odhiambo. Huyu ana ng'ombe wa shemeji yake. Yule ana fahali wa mtu wa Londiani. Tangu hapo daktari na Odhiambo waliacha kuuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Wanauliza, "Ni nani wanalala hapa?" Gari la kampuni lilirudi barabarani na chanjo, na ugonjwa ukaishia kwetu na kwa majirani wa karibu. Ng'ombe wa kampuni walipona. Wa watu wengi walipona. Sisi tulipoteza ndama wa ng'ombe wetu Cheptamu, na maziwa yetu yakakataliwa muda mrefu. Vibuyu vilining'inia vitupu, na wageni walikaa sebuleni kwetu bila maziwa ya mursik. Mama aliumizwa na aibu hiyo kuliko hasara yoyote.

Huko Siongiroi soko la mifugo lilifungwa. Watu wakajua limefungwa kwa sababu ya ng'ombe wa nani. Arap Tonui alikutumia neno kwa mchungaji: "Mwambie amenivua nguo mbele ya watu." Halafu kimya. Hakuja kumchukua ng'ombe wake, hakutuma mtu, hakuuliza kama mnyama yu hai. Ulimtibu mwenyewe. Kwato za mbele hazikurudi sawa, ukawa unamkatia nyasi na kumpelekea pale alipo.

Ulipoanza kuumwa kifua, tulikuweka karibu na dirisha ili uone njia. Ulijifanya unatazama mvua. Kisha ukaniuliza, "Huyo mtu wa Siongiroi hajapita?" Nilijibu barabara ni mbovu. Nilijibu ana shughuli za mahindi. Nilipoishiwa majibu, nawe uliacha kuuliza, na hilo liliniumiza zaidi.

Kwenye mazishi yako daktari alikuja, na lile gari la serikali siku hiyo likawaka, ungefurahi. Odhiambo alikuja na watu wa kampuni wakakubeba pamoja na watu wa josho. Mimi niliimba huku natazama njia ya kutoka Bomet. Arap Tonui hakuja. Ulikuwa rafiki yake tangu ujana, na ulilazwa ardhini bila yeye. Nilirudi nyumbani nikamtazama yule ng'ombe mwekundu, na nilitamani kumfukuza barabarani aende zake.

Sasa nisikilize.

Mwezi uliopita kukawa na uvumi wa ugonjwa tena, huko chini mpakani. Safari hii hakuna aliyehitaji kuvaa koti la kanisani. Daktari na kampuni walikutana kabla hata ng'ombe mmoja hajaugua, magunia yakarudi darajani, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuzungukia boma za upande wetu. Wazee wengine waligeuza shingo kwa sababu ni mwanamke. Nilikaa langoni mwao nikasubiri, kama ulivyokuwa unafanya, hadi wakachoka.

Wiki hii, chanjo imemalizika na njia zimefunguliwa, nilikuwa nakata nyasi nikaona mzee anapanda kilima kwa fimbo. Amezeeka, Baba. Alipumzika mara nyingi. Mama alimtambua kabla yangu, akaingia ndani akatoka na kamba. Aliiweka juu ya lango. Sote tulijua amekuja kumchukua ng'ombe wake, na akishamchukua, hakuna kitu kitakachobaki kati ya nyumba yake na yetu. Nami ambaye nilitamani kumfukuza mnyama huyo, sasa nilitaka abaki. Niliogopa, nakwambia ukweli.

Hakusalimia sana. Alienda moja kwa moja hadi kwa ng'ombe, akainama kwa shida, akazishika zile kwato. Akauliza nani alikuwa anazikata. Nikasema ni wewe, hadi uliposhindwa kuinama, halafu mimi. Alibaki ameinama pale muda mrefu. Nilidhani mgongo umemkwama, nikasogea kumsaidia, ndipo nikaona analia.

Mama alimpa mursik. Alikunywa yote. Alipoinuka kwenda, nilimnyooshea ile kamba, akaitazama kana kwamba sielewi kitu. Akaniambia, "Daktari alikuja kwangu juzi. Akaniuliza nani wanalala hapa. Nikamwambia hao, halafu nikamwambia, andika ingine moja, iko Silibwet, kwa mtoto ya rafiki yangu."

Alilisema kwa Kiswahili, Baba. Kisha akauliza umelala upande gani, nikamwonyesha, akaenda peke yake. Sikumfuata. Sijui alikwambia nini, hayo ni yenu wawili.

Ng'ombe anabaki kwetu. Ana mimba, na ndama ni wa Arap Tonui. Akizaliwa nitampelekea habari mwenyewe. Na watakapouliza langoni mwetu, nakuahidi nitawataja wote, wetu na wa watu, nikiwa nimesimama. Lala salama, Baba. Ukimwona mtu anapanda kilima, usiwe na wasiwasi tena, ni yeye, amesema atakuja mahindi yakikomaa.

Mimi binti yako,
Chebet