Mzee Kasujudu kwa Mguu Mbovu

Bokrye mwenzangu! Shoga yako mimi kaumbuka leo mbele ya wodi nzima.

Si leo ndiyo siku ya kumkumbuka marehemu baba mkwe, kwa chakula na kumsujudia? Basi akapanga wali na samaki mkavu kwenye meza ya kitanda, picha ya marehemu kaiegemeza kwenye chupa ya maji. Ndani ya chupa ni pombe ya mchele, usiulize ilipitaje mlangoni.

Akamwambia mumewe, "Mzee Deoksu, usishuke. Inamisha kichwa tu, babako ataelewa." Mzee akaapa hashuki!

Kageuka kumenya tufaha, mzee huyoo sakafuni! Kapiga magoti, paji la uso chini. Kwa mguu uleule wenye mfupa uliotunga usaha! Uleule ambao nesi anasema kila siku asiukanyagie!

Kidonda kikafumuka. Mrija wa dawa ukachomoka mkononi.

Nesi Pyo akaja mbio. "Bibi! Dawa inaingia kwenye mfupa polepole, wiki sita, na hii ni ya tano! Daktari akiukwangua tena, utabaki mfupa gani?"

Shoga yako na tufaha lake mkononi.

Na mzee, anasukumwa kwenda kupasuliwa, anasema nini? "Baba karidhika." Karidhika!

Mguu umenusurika kukatwa. Lakini wiki sita zinaanza upya, na anayelala kwenye kile kijitanda cha anayemuuguza mgonjwa ni shoga yako.

Picha kaiweka juu ya mto wa mguu. "Baba mkwe, zamu yako. Akitaka kushuka, mzabe kofi. Mimi nalala."