Picha Zote kwa Mpigo

Jumanne usiku

Na wala hakunigombeza! Programu yangu ilirusha picha zote za magauni ya Mama Neema kwa mpigo, seva ikazidiwa, duka lake la mtandaoni likafungiwa. Wateja wake wa Mwanza wanasubiri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akacheka. "Mwanangu, hata hapa kwa Wachina, soko la nguo la Shisanhang, ukimuuliza laoban mwenye duka bei ya kila gauni kwa pamoja, anakwambia meiyou, hakuna, na nguo zimejaa!"

Wenye seva walipolifungua duka, nikaweka kikomo: zipande picha tano tu kwa wakati mmoja, ikifika moja ndipo iingie nyingine. Zimefika zote.

Kwa furaha akanimwagia maswali. Nimekula? Nyumbani narudi lini? Mchumba je?

Nikamjibu, "Meiyou."