Mkono Wenye Hina Begani Mwako

Shoga yangu Yustina,

Nilikuonea wivu tangu ulipoondoka Dubai, nikadhani ukifa wivu utaisha. Haukuisha. Umezidi.

Yule madam Mwitaliano, kahawa yake nilimtengenezea mimi kila asubuhi pale mgahawani JLT. Mimi ndiye niliyejua hataki sukari. Wewe ulikuwa unafuta meza tu, ukachekeshana na mtoto wake, basi akakuchagua wewe ukamtunze mama mkwe wake kijijini kwao Italia. Nilikusindikiza uwanja wa ndege nikitabasamu. Nikarudi chumbani kwetu Al Nahda nikalala kwenye kitanda chako kwa hasira.

Ukaanza kunipigia kila Ijumaa. Mwanzoni ulilia, na sikufichi, nilifarijika kidogo. Baridi ilikupasua midomo. Kiitaliano hujui, na huko hakuna aliyejua kingine. Ulishuka kilima na kikapu chako mchana ukakuta duka limefungwa, mwenyewe kaenda kula na kulala. Watu walikuchungulia nyuma ya mapazia. Nikakwambia, "Rudi, shoga, kitanda chako kipo." Hukurudi.

Kisha simu zikabadilika. Yule bibi uliyekuwa ukimtunza akakupa kipande cha bustani, ukapanda mchicha. Ukagundua nao wanakula ugali, ila wanaulegeza na kuuita polenta, ukamsongea wa kwetu mpaka akazoea kula kwa mkono. Ukaniambia, "Shoga, huku ukimpita mtu bila kumsalimia wanadhani unaumwa." Ukawa unakatiza maongezi yetu, buongiorno kwa huyu, buongiorno kwa yule, mimi nimeshika simu nangoja. Kwenye lifti ya jengo letu mimi najua viatu vya watu tu. Sura sizijui.

Ulipougua ukasema uzikwe huko huko. Dada yako alinipigia kutoka Songea kuniuliza kama ni kweli, nami ndiyo kwanza nasikia kwake. Hukuniambia mimi. Ulimwambia bibi wa watu. Hilo bado linanichoma, Yusta.

Kijiji kizima kilifuata jeneza lako. Karatasi yenye jina lako ilibandikwa ukutani karibu na kanisa, kama wanavyowafanyia wenyeji wao. Wewe wa Songea, mwenyeji wao. Mimi nilipewa dakika chache za kulia stoo, kisha supavaiza akagonga mlango: yalla, wateja wanangoja.

Kwao kaburini huwekwa picha ya marehemu. Madam akaniomba moja unayotabasamu. Za kwako peke yako nilikuwa nazo, tena nzuri. Nikamtumia ile ya Satwa, siku tuliyochukua magauni ya sare kwa fundi tukiwahi harusi, nimekukumbatia, mkono wangu umepakwa hina mpaka karibu na kiwiko. Niliichagua makusudi. Nilitaka wajue kwamba kabla yao ulikuwa na mtu.

Wiki hii amenitumia picha ya kaburi lako. Wamenikata. Uso wangu hakuna, gauni langu hakuna. Ila mkono walishindwa kuutoa bila kuharibu bega lako, kwa hiyo upo, na vidole vyake na hina yake. Madam anasema bibi akienda kumwagilia maua huugusa, halafu huuliza ni wa nani, na yeye madam, anayenijua kwa kahawa tu, hajui amweleze mimi ni nani kwako.

Nililia mpaka Wanjiku, Mkenya anayelala kitanda chako siku hizi, akaja kuangalia simu. "Kwani huo mkono ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu. Nikajisikia vizuri kulisema.

Wivu ninao bado, siwezi kukudanganya. Nawaonea wivu wanaopita hapo kila siku wakakusalimia. Lakini nakuahidi nitakuja. Nitapanda kile kilima, na kila nitakayekutana naye nitamsalimia nisije nikakuaibisha. Kabla ya safari nitapaka hina ile ile, nimwoneshe bibi, asiulize tena.

Haya, lala, shoga. Wakikwambia wewe ni wao, waache waseme. Mkono wangu siutoi.

Zuhura wako