Bado Tumo Katikati ya Tufani

Baba yangu uliyelala ugenini,

Leo nimepita soko la Woolwich, pale uliponunua kile kitabu chakavu cha Kiingereza kisicho na jalada. Nimesimama tu, watu wananipita. Ndo uzee huo, nadhani.

Ukirudi kazini, hata sare yako ya udereva wa basi hujavua, ukitutafsiria mimi na mama habari za kitabu hicho: tufani za karne ya kumi na tisa kule Manila na Bahari ya China, merikebu za matanga zikivunjika milingoti. Nami nikijitia kukusahihisha, "Baba, shuleni wanasema taifuni." Nawe ukinijibu, "Hilo neno letu, Bi Mjuzi. Wao wameliazima tu."

Nilikutania sana. Mbona nyumba za Manila zina baraza? Mbona mama wa baharia anakuna nazi kwenye mbuzi, na mwanawe anamwita Chumu, jina alilokuita wewe bibi, mama yako? Ukacheka. "Kisiwa ni kisiwa, mwanangu."

Ulipopapenda zaidi ni pale upepo unapokatika ghafla. Jua linatoka, watu wanafungua milango, wanadhani imekwisha. "Wamo katikati," ulisema. "Nusu ya pili inakuja kwa upande mwingine. Mwenye akili hatoki."

Tuliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, mimi bado wa kubebwa. Kila nilipouliza tutarudi lini, jibu lilikuwa lile lile: "Bado tumo katikati." Wenzako walikwenda, wakarudi na halua, wakasema kumetulia. Bibi alikuita mpaka akafa anakuita. Wewe ukabaki dirishani, nyumbani kwetu Thamesmead, unasikiliza upepo. Mpaka nawe ukafariki, na hiyo nusu ya pili hatukuiona.

Nina hamu nawe, baba. Na hasira nawe ninazo, usidhani sina. Ungenambia mapema kwamba Manila ile ya kitabuni ilikuwa kwenu Unguja.

Jana nimekata tiketi ya Unguja. Nakwenda na mjukuu wako, ambaye Kiswahili anakielewa vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Nimemhadithia zile tufani zako, naye kaniuliza kama hii yetu imeshapita. Nimemwambia sijui, lakini tunakwenda.

Kama ingalipo, nitakaa kwenye ile baraza yako ya Manila. Wakiniuliza mimi nani, nitawaambia ni mtoto wa Chumu. Alitaka kuja, alikuwa anangoja upepo upite.

Mwanao,
Bi Mjuzi