Shimo Chini ya Bwawa

Alhamisi. Mawingu yametanda juu ya Garissa tangu alfajiri na hayataki kunyesha. Hewa ni nzito kama blanketi lililolowa. Dada yangu Dahabo amelala chumba cha mbele, au anajifanya amelala. Bwawa liko nyuma ya nyumba, nami ninaandika nikiwa nimelipa kisogo.

Sijawahi kulipa kisogo bwawa langu.

Nililichimba kwa ajili ya wajukuu. Binti yangu Sahra huwaleta kutoka Nairobi kila likizo, na kila likizo wanataka kuogelea katika mto Tana, nami huwasimulia habari za mamba hadi wananichukia. Nikaona niwape maji yao wenyewe hapa uani: upande mmoja wa kina kifupi wa kuogelea, upande wa pili wa tilapia, wavue kwa ndoana. Nilisoma vitabu. Nilichora kwa rula.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo sikumwambia Sahra. Nimeishi Garissa muda mrefu kuliko nilivyoishi Kutulo, kule Mandera, ambako ukame na bunduki vilitutoa. Miaka yote hiyo sikupanda hata mti mmoja hapa. Mtu anayengoja kurudi kwao hapandi mti. Bwawa ndilo jambo la kwanza nililofanya kama mtu aliyefika.

Jirani yangu alicheka sana. “Wallahi, Mzee Abdi, sasa unachunga samaki? Hao utawapiga fimbo wapi?” Hata hivyo aliniazima mbuzi wake. Vitabu vilisema nitandike plastiki, lakini mimi nilimwaga udongo mweusi wa mtoni, nikaulowesha, na mbuzi wakaukanyaga mpaka ukashikana. Ndivyo baba alivyofanya kule Kutulo, na bwawa lake halikuvuja.

Nikaongeza na jambo lisilokuwamo kitabuni. Katikati ya sakafu nilichimba shimo jembamba lenye kina cha kumzidi mtu mzima. Kwetu kila bwawa la mvua huwa na shimo kama hilo. Maji yakikauka kote, humo hubaki ya mwisho, na ya mwisho ndiyo yanayookoa mifugo. Nilijiambia kwamba samaki watajihifadhi humo wakati wa joto. Ukweli ni kwamba mikono ilianza kuchimba kabla sijafikiri.

Lori la maji likaja, bwawa likajaa, na shimo halikuonekana tena.

Jana Dahabo alifika kutoka Buna, ambako yeye alihamia. Macho yake sasa hutofautisha mwanga na kivuli tu. Sikuwa nimemwambia neno juu ya bwawa. Baada ya chai alitoka nyuma kunyoosha miguu, nami nikamfuata nisije nikamwacha aanguke. Hakuuliza njia. Alishuka kwenye mteremko moja kwa moja, fimbo mkononi, akasimama maji yalipoanza.

“Umelirudisha,” alisema.

Nikamuuliza nini. Akanyoosha fimbo, akieleza kana kwamba tuko kwenye bwawa la baba. Hapa ndipo ngamia walipoteremkia. Pale mama aliweka vyombo vyake. Ile kona ilimomonyoka, baba akaiziba kwa mawe.

Mawe yapo kwenye kona ile. Niliyaweka mimi, nikidhani ni pambo.

Mchoro wangu ulikuwa mstatili. Nilichochimba si mstatili. Bwawa lina kiuno, na mkono wa kushoto uliopinda, kama lile la baba, na nimelizunguka kila siku bila kuliona.

“Na shimo?” akauliza. Nilitazama maji. “Abdi, na shimo umelichimba?”

Ndiyo, nikamjibu.

Atakayesoma haya hamjui Nuur, kwa hiyo nieleze. Alikuwa ndugu yetu mdogo. Mvua kubwa ilinyesha usiku, na asubuhi akaingia bwawani kwa furaha, maji yakiwa magotini. Akapiga hatua moja zaidi, na shimo likamchukua. Tulimzika palepale karibu, na tulipokimbia Kutulo kaburi lake likabaki peke yake.

Dahabo alichutama akagusa maji kwa vidole. “Nuur, ma nabad baa?” Ndivyo tunavyosalimiana: je, ni amani? Nilingoja aendelee kusema. Kumbe alikuwa anangoja ajibiwe.

Leo asubuhi nilimwaga chakula cha samaki. Hakuna aliyekuja. Wote walikuwa katikati, juu ya shimo, wamejipanga duara, migongo ikionekana na vichwa vimeelekea chini. Huenda maji ya pale ni baridi zaidi. Kitabu kingesema hivyo.

Kisha Sahra akapiga simu. Wanafika Jumamosi. Mdogo wao amenunuliwa nguo ya kuogelea na analala nayo. Bado hajui kuogelea. Anasema babu atamfundisha.

Nilipokata simu nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia Dahabo kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa nitayavuta maji kwa pampu, niwaweke samaki kwenye mapipa, nilijaze shimo.

“Kaburi lake tulilikimbia,” alisema. “Na hapa unataka kumfukia?”

“Abaayo, dada yangu, watoto wanakuja.”

Alizungusha fimbo yake mkononi. “Basi mwambie kwanza. Mtu hafukiwi bila kuambiwa.”

Mimi ni mtu wa vitabu. Hata hivyo alasiri nilivua viatu, nikaingia hadi magotini, nikamwambia. Nilimtaja kwa jina. Nikamweleza kuwa kuna watoto, kwamba hawajui kuogelea, na kwamba safari hii maji haya hayatamchukua mtu. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Duara la samaki likafunguka upande mmoja, ule niliosimama mimi, na maji ya baridi yakapita juu ya nyayo zangu kuelekea katikati.

Nikarudi nyuma polepole, kama mtu anavyotoka mbele ya mkubwa wake.

Kesho nitaanza na mawe makubwa, kisha udongo, na nitaazima tena mbuzi. Wajukuu wataogelea. Nitawafunza pia kwamba kabla ya kuingia kwenye maji haya wanasalimu kwanza, kwa jina. Watadhani ni mchezo wa babu.

Sijaamua nitawaambia nini wakijibiwa.