Mgeni wa Kila Jumapili

Kericho, Alhamisi, Oktoba 1998

Si mteja. Nimesoma barua pepe yake mara nne pale ofisi ya kompyuta mjini, na bado natamani ingekuwa ya mtu mwingine.

Tangu tufungue tovuti ya chai yetu, orodha ya wageni haina majina, ni namba za kompyuta tu. Moja, ya maktaba ya chuo fulani Kanada, ilikuwa inaingia kila Jumapili. Nikamwambia Mama tumepata mnunuzi. Nikaiandikia maktaba, nikaomba wamwulize mgeni huyo anataka chai gani.

Leo amejibu. Ni Kiprotich, ndugu yangu, aliyenyamaza miaka mitatu.

"Dada, sitafuti chai. Huwa nafungua ile picha ya Mama akichuma, namwangalia tu. Masomo niliacha zamani, sasa nafagia maktaba hii. Sina makaratasi, siwezi kurudi. Usimwambie."

Tuliuza kipande cha shamba ili asome. Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba alikuwa hapo kila Jumapili, na hakutuandikia hata neno moja.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anakamua. Hakugeuka.

"Yule mtu wa Kanada amejibu?"

"Amejibu, Mama. Anasema chai yetu ni nzuri, lakini iko mbali sana."

"Basi mwambie aje aione mwenyewe. Nitampikia."

Nikachukua ndoo ya maziwa, nikaingia ndani haraka kabla hajaniona uso.