Diski Iliyotundikwa Juu ya Moshi

Jumatatu, 5 Mei
Kuchota maji mara mbili. Kufagia. Kurudia somo la informatiki. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayoisoma, ukiiangusha, imekwisha. Diski mpya, SSD, haina kinachozunguka. Hata ikianguka si rahisi iharibike. Jibu hilo lilinipa tisa kwa kumi.

Kwa hiyo siogopi Jumamosi. Tunakwenda mbele ya chifu. Papa Bahati, mtoto wa jirani yetu marehemu, amerudi kutoka ukimbizini na anasema shamba lake linafika mpaka kijitoni. Sivyo. Mpaka ulikuwa mikaratusi mitatu, ila ilikatwa ili kuchoma makaa. Babu amekufa, baba yake Papa Bahati amekufa. Lakini Papa, baba yangu, aliwarekodi wote wawili wakitembea mpakani. Video iko kwenye diski mbili: ya zamani anayo yeye Walikale, anakofundisha, SSD tunayo sisi hapa Muheto. Tukishindwa, Koko, nyanya yangu, atabaki na kipande cha kupanda mboga tu.

Jumatano, 7 Mei
Nimeishusha SSD. Miaka miwili ilining'inia jikoni juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Koko alisema pale mbegu haiozi. Nami niliogopa unyevu. Ni mimi niliyepanda kigoda nikaifunga.

Nimeipeleka kwa Kaka Jonas, mwenye sekretaria ya barabarani, kibanda cha kuchapa na kunakili. Diski imeonekana. Video haifunguki.

"Mulikuwa munaichoma sawa samaki?" Kisha ameniona usoni, akaacha kucheka. Amenieleza. SSD inashika kila kitu kwa chaji ndogo ya umeme. Ikilala muda mrefu bila kuunganishwa, tena kwenye joto, chaji inavuja.

Hilo halikuwa kwenye daftari langu. Naona haya. Koko bado hajui.

Alhamisi, 8 Mei
Nimemwambia. Nilingoja anigombeze. "Mbegu njo ninajua, mwanangu. Hii sikuijua. Na wewe hukuijua." Hapo ndipo nilipolia.

Tumempigia Papa. Diski yake inafunguka. Lakini barabara ile! Mashimo, matope, pikipiki kuruka. Nimemwambia aizime kabisa kabla ya kuondoka, kwa sababu ikizimwa sindano hupumzika pembeni. Aizungushie nguo. Amesema, "Ndiyo, mwalimu."

Ijumaa, 9 Mei
Hajafika. Simu haipiti. Nimekosea hesabu mbili rahisi darasani.

Jumamosi, 10 Mei
Amefika asubuhi, matope mpaka kiunoni. Diski ilikuwa kifuani, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Penye mashimo alishuka akatembea. Mwendesha pikipiki alimwita "mama mujamuzito" njia nzima.

Kaka Jonas alileta kompyuta kwa chifu. Diski ilinguruma, ikanyamaza. Ikanguruma tena. Halafu babu akatokea na fimbo yake, na kando yake baba wa Papa Bahati, akimpigia Papa kelele: "Piga picha vizuri, mwalimu! Muti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huku yangu, kule yake. Sasa twende tukunywe kasiksi." Akacheka mpaka akakohoa.

Papa Bahati hakubisha. Alifunika uso kwa kofia. Alikimbia akiwa mtoto. Hana hata picha moja ya baba yake.

Tulikwenda wote shambani. Visiki vitatu vilikuwa chini ya majani. Shamba limebaki la Koko. Nilidhani nitashangilia. Sikushangilia.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada Papa Bahati amekuja na avoka sita. Ameomba kuona tena, si mpaka, ni pale baba yake anapocheka tu. Tumemwekea kwenye simu ya Papa mara nne. Koko amempikia chai. Kesho Kaka Jonas atamnakilia video, awe na yake.

SSD nayo imewekewa video upya. Nimeiweka sandukuni. Nyuma ya mlango nimeandika kwa makaa: kila Jumapili ya kwanza, iunganishwe.

Mvua kidogo. Juu ya mafiga yamebaki mahindi peke yake.